Sura ya Tano: Ukoo Uliopekuliwa

Kabla mahari haijatajwa, kuna upelelezi. Kina mvulana humtuma shangazi mwenye mdomo mtamu na masikio makali aende kwa kina msichana, anywe chai, aulizie mvua na hali ya malisho, kisha akirudi apitie kwa jirani. Kwa jirani ndiko kwenye kazi. Kuna kifafa katika boma lile? Kuna wachawi? Wanaume wao hupiga wake zao? Na, kwa sauti ya chini kidogo, yupo mtu wao aliyewahi kurukwa na akili?

Kajiado ya ndani, huko Mashuuru na Loitokitok, swali hilo halina gharama kubwa, maana koo zinajuana tangu enzi za mababu. Kitengela ni mambo mengine. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 154,000 katika mji ambao watu wazima wa leo wanaukumbuka ukiwa malisho na maduka machache kando ya barabara ya Namanga. Mkamba amejenga ukuta mmoja na Mkisii, nao wote wawili wamenunua ploti kwa Mmaasai ambaye baba yake alichungia ng'ombe papo hapo. Hakuna anayejua nyanya wa mwenzake alikufa akiwa na akili gani. Kwa hiyo siku hizi upelelezi hufanywa kwa simu, hadi Nyamira, hadi Mwingi, na bando la dakika huisha kabla jibu halijapatikana.

Wasomi hupenda kulicheka swali la shangazi. Mimi silicheki. Shangazi anadai kwamba wazimu hutembea katika damu, na dai hilo limepimwa kwa zaidi ya nusu karne. Kwa upande mmoja yuko sahihi kuliko wengi wetu tunavyotaka kukiri. Tatizo lake ni kwamba swali alilolichagua halimpi jibu analolitafuta.

Tuanze na pale alipopatia. Katika watu 100 wa kawaida, pungufu ya mmoja hupata skizofrenia maishani mwake, huo ugonjwa ambao mtu husikia sauti zisizokuwepo, huamini anafuatwa, na fikra zake hukatikakatika. Mtoto mwenye mzazi mmoja mgonjwa ana uwezekano wa takriban 10 kwa 100. Wazazi wote wawili wakiwa wagonjwa, hesabu hupanda hadi kama 40. Pacha wa kufanana ambaye mwenzake anaugua yuko kati ya theluthi moja na nusu. Ili kujua kama hayo yanatokana na damu au na malezi, Seymour Kety na wenzake walikwenda Denmark, nchi inayotunza rejista za kila kitu, wakawafuatilia watu waliolelewa na wazazi wasiowazaa. Matokeo yao ya 1968 yalikuwa wazi: ugonjwa ulifuata ukoo wa kuzaliwa, haukufuata nyumba ya malezi. Hilo lilikuwa pigo kwa madaktari wa Marekani ambao kwa miaka 20 walikuwa wakiwaambia akina mama kwamba ubaridi wao ndio uliowatia watoto wazimu. Lawama hiyo haijafa. Hapa Kitengela utamsikia mtu akisema kijana aliharibika kwa sababu mama alikuwa anakesha kazini katika viwanda vya EPZ, kana kwamba zamu ya usiku ni sumu ya ubongo.

Sasa pale alipokosea. Irving Gottesman, aliyetumia maisha yake kuhesabu familia na mapacha, alipiga hesabu kutoka upande wa pili. Badala ya kuuliza watoto wangapi wa mgonjwa huugua, aliuliza wagonjwa wangapi wana mzazi mgonjwa. Katika wagonjwa 100, karibu 89 hawana. Ongeza ndugu, babu, nyanya, wajomba, shangazi na wapwa, na bado zaidi ya 60 hawana jamaa hata mmoja aliyewahi kuugua. Kwa maneno mengine, wagonjwa wengi wa kesho watazaliwa katika nyumba ambazo shangazi amekwisha kuzipa cheti cha usafi, na msichana aliyekataliwa kwa sababu ya baba yake alikuwa na nafasi 90 kwa 100 ya kutougua ugonjwa huo kamwe.

Hali hiyo inawezekanaje, ikiwa ugonjwa wenyewe ni wa kurithi? Jibu limo katika wingi. Hakuna jeni ya wazimu. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2022 ulilinganisha watu 76,755 wenye skizofrenia na wengine 243,649 wasio nayo, ukapata sehemu 287 za jenomu ambako tofauti ya herufi moja au mbili huongeza hatari kidogo sana. Nyingine nyingi bado hazijaonekana. Kila mmoja wetu amebeba mamia ya tofauti hizo, shangazi naye akiwemo. Anayeugua mara nyingi ni yule ambaye karata zilimwangukia vibaya, nyingi kutoka kwa baba na nyingi kutoka kwa mama, wote wawili wakiwa wazima wa akili. Zikichanganywa upya kwa mdogo wake, hazitokei hivyo.

Zipo tofauti chache zenye nguvu kubwa. Mtu aliyezaliwa akikosa kipande kidogo cha kromosomu ya 22 ana hatari ya kama mmoja kwa wanne. Lakini mara nyingi kipande hicho hupotea papo hapo, wakati yai au mbegu inapotengenezwa, na wazazi wanacho kamili. Ukimpekua babu hutapata kitu. Mabadiliko mapya ya namna hiyo katika herufi za jeni huongezeka kadiri baba anavyozeeka, kama mawili hivi kwa kila mwaka wa umri wake, na hatari ya skizofrenia kwa watoto wa baba wazee hupanda kidogo. Sijawahi kusikia shangazi yeyote akitumwa kwenda kuuliza umri wa mzee wa miaka 60 anayechumbia mke wa tatu.

Kuna jambo jingine kuhusu utafiti ule wa 2022. Wengi mno kati ya waliopimwa walikuwa na asili ya Ulaya, na wengine Asia ya Mashariki. Waafrika walikuwa wachache, ilhali Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi za jeni duniani, kwa kuwa binadamu ameishi hapa kwa muda mrefu kuliko pengine popote. Alama za hatari zilizotengenezwa kwa jeni za Wazungu hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake zikitumiwa kwa Waafrika. Kwa hiyo kampuni ikikuuzia kipimo cha mate cha kutabiri magonjwa ya akili ya watoto wako, pesa hizo afadhali ununulie mbuzi.

Pengo hilo ndilo lililozaa NeuroGAP-Psychosis, mradi ulioanza kusajili watu 2018 katika nchi nne: Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini. Kwa Kenya uliongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na kituo cha KEMRI-Wellcome Trust, Kilifi. Hakuna aliyedungwa sindano ili jeni zake zisomwe. Mtu alitema mate ndani ya kichupa chenye dawa ya kuhifadhi, akafunga kifuniko, basi. Kabla ya kutema alielezwa utafiti kwa lugha yake, kisha akaulizwa maswali ili ijulikane kama ameelewa. Asiyeelewa alielezwa tena, na akishindwa kabisa hakusajiliwa. Nimelitaja hilo makusudi, kwa sababu historia ya nchi hii inataka litajwe.

Nairobi imewahi kuwa na sayansi yake ya urithi wa ubongo, na ilikuwa ya aibu. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari ilifunguliwa 1910 katika majengo yaliyokuwa ya kutengea wagonjwa wa ndui. Katika miaka ya 1930, daktari wake mtembeleaji, H. L. Gordon, pamoja na F. W. Vint wa maabara ya serikali, walitangaza kwamba ubongo wa Mwafrika ni pungufu kwa kuzaliwa. Vint alikuwa akipima na kukata bongo za Waafrika waliokufa, bila kujiuliza kwa dhati hao marehemu walikula nini au waliugua nini. Mwaka 1933 walowezi walianzisha chama kizima cha "kuboresha mbari". Kisha akaja J. C. Carothers, aliyekabidhiwa Mathari 1938 bila mafunzo ya udaktari wa akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake, na humo akamfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo kwa upasuaji. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilichapisha maelezo yake kuhusu Mau Mau, na madai ya watu waliopokonywa ardhi yakageuzwa kuwa dalili za akili zilizovurugika.

Mzee wa Kitengela akisita kutema mate kwenye kichupa cha mtafiti, asiitwe mjinga.

Tuingie ndani ya fuvu. Mwaka 1952, madaktari wawili wa Paris, Jean Delay na Pierre Deniker, walianza kuwapa wagonjwa wa akili dawa ambayo Henri Laborit, daktari wa upasuaji jeshini, aliipenda kwa jinsi ilivyowatuliza watu kabla ya kupasuliwa. Dawa hiyo ni klopromazini, ambayo hata leo wauguzi wetu huiita Largactil. Sauti zilinyamaza. Kwa nini zinyamaze, hakuna aliyejua. Miaka mitano baadaye, Arvid Carlsson wa Sweden alianza kuonyesha kwamba dopamini, kemikali iliyodhaniwa kuwa malighafi tu ya kutengenezea nyingine, ni mjumbe kamili katika ubongo, kazi iliyomletea Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Katikati ya miaka ya 1970, Philip Seeman wa Toronto na wenzake walizipanga dawa zote za saikosisi, yaani hali ya kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, kwa kipimo wanachopewa wagonjwa. Dawa iliyong'ang'ania zaidi kipokezi cha dopamini ndiyo iliyohitaji kipimo kidogo zaidi. Mpangilio huo haukuacha nafasi ya kusema ni bahati.

Dopamini hufanya nini hasa? Magazeti huiita kemikali ya raha, na jina hilo limepotosha watu. Tuseme kuna kijana wa miaka 20 anayesubiri matatu pale stejini Kitengela. Kondakta anaita, "Tao mia, tao mia." Pleti ya gari ina herufi za mwanzo za jina lake. Mama muuza mahindi anainua macho na kumtazama. Wewe na mimi tungevipokea vitu hivyo vitatu na kuvitupa papo hapo, kwa kuwa ubongo umekwisha kuamua kwamba havituhusu. Kazi ya kupiga muhuri wa "hiki kinakuhusu" ni sehemu ya kazi ya dopamini katika eneo la chini ndani ya ubongo liitwalo striatamu. Picha za ubongo zilizochukuliwa tangu miaka ya 1990 zinaonyesha kwamba wengi wenye saikosisi huimwaga dopamini kupita kiasi katika eneo hilo. Muhuri unapigwa ovyo. Kelele ya kondakta inanata, pleti inanata, jicho la mama linanata, na kijana hawezi kukaa na maana tatu zisizo na maelezo, kwa hiyo anatafuta maelezo. Shitij Kapur aliliandika wazo hili 2003, na tangu hapo sijasoma lililo bora.

Kemia humpa kijana uzito wa jambo. Hadithi anaitoa alikokulia. Aliyekulia pwani atataja jini, aliyekulia kanisani atasema ameitwa kuwa nabii, na wa Kitengela leo anaweza kukuambia kuwa maafisa wa DCI wameweka kamera ndani ya simu yake. Familia nyingi huanza kwa kubishana na hadithi. Kubishana na hadithi hakuugusi muhuri.

Dopamini peke yake haitoshi, hata hivyo. Dawa zinazoizuia hutuliza sauti na shuku, lakini haziamshi hamu ya kuoga, ya kuongea, ya kwenda kazini. Hapo wanasayansi hutazama glutamati, mjumbe mkuu wa kuamsha seli za ubongo. Ketamini, dawa ya usingizi inayotumika sana katika vyumba vya upasuaji vya hospitali zetu, huziba kipokezi kimoja cha glutamati, na ndiyo maana mgonjwa aliyechomwa ketamini huweza kuamka akieleza kuwa alitoka mwilini. Na hapa njia mbili zinakutana. Wachunguzi wa jeni, ambao hawakuanza kwa kutafuta dopamini wala glutamati, waliyakuta yote mawili. Jeni ya kipokezi kile kile kinachong'ang'aniwa na Largactil imo katika orodha waliyokwisha kuitoa 2014, na jeni ya kipande cha kipokezi kinachozibwa na ketamini imo pia. Walikuta na jeni ya C4, ambayo husaidia kupogoa viungo vya seli za ubongo wakati wa ujana. Huenda hapo ndipo penye jibu la kwa nini ugonjwa huu hungoja mpaka mtoto amalize Kidato cha Nne.

Ukikaa na wazazi wa Kitengela, wengi watakuambia mtoto wao aliharibiwa na bhangi au muguka. Kuna ukweli humo. Kathinoni iliyo katika majani mabichi ya miraa na muguka husukuma dopamini nje ya seli kwa njia inayofanana na ile ya amfetamini. Wanajeshi vijana zaidi ya 45,000 wa Sweden walifuatiliwa kwa miaka 15, na matokeo yakachapishwa 1987: waliokuwa wamevuta bhangi zaidi ya mara 50 kabla ya kuingia jeshini walipata skizofrenia mara sita zaidi ya wasiovuta. Lakini wengi wa wavutaji hao hawakuugua. Bhangi huongeza uzito kwenye mzani ambao jeni zimekwisha kuuinamisha kidogo, na wakati mwingine kijana huanza kuvuta kwa sababu sauti zimekwisha kuanza na anatafuta pa kujificha. Nashuku bhangi hupendwa kama maelezo kwa sababu nyingine pia. Bhangi haina ukoo, kwa hiyo haiharibu posa ya dada yake.

Nimebakiza urithi mmoja ambao hakuna shangazi anayeuulizia, nao kwa mgonjwa aliye mbele yako ni wa manufaa kuliko zile sehemu 287 zote. Ni urithi wa jinsi mwili unavyoipokea dawa.

Mtazame mtu aliyerudi kutoka Mathari, au kutoka kliniki ya Hospitali ya Rufaa ya Kajiado, wiki mbili baada ya sindano ya haloperidoli au ile ya kila mwezi iitwayo Modecate. Hatua ni fupi. Mikono haibembei. Mate yanamjaa mdomoni, kidole gumba kinatetemeka. Jirani anasema dawa zimemmaliza. Kilichotokea ni kwamba dopamini imezuiwa hata katika njia zinazoendesha misuli, na kidonge cha Artane au kipimo kidogo zaidi mara nyingi hurekebisha. Swali ni kwa nini mwingine, kwa kipimo kile kile, hatetemeki hata kidogo na bado anasikia sauti.

Sehemu ya jibu iko kwenye ini, katika kimeng'enya kinachoitwa CYP2D6, kinachosaidia kuvunja haloperidoli na risperidoni. Mwaka 1996 Eleni Aklillu na wenzake waliripoti kwamba kama asilimia 29 ya Waethiopia waliowapima wana nakala za ziada za jeni yake, kwa hiyo wanaweza kuimaliza dawa haraka kabla haijafanya kazi. Miaka mitatu baadaye, utafiti uliofanywa kwa Watanzania ulionyesha kinyume: wengi walikuwa na kimeng'enya kinachofanya kazi polepole, na dawa ingekaa mwilini muda mrefu. Kenya iko katikati. Kwenye foleni moja ya Hospitali ya Kitengela anaweza kukaa Mborana, Mmaasai, Mkamba na Msomali, wote wakiandikiwa miligramu zile zile zilizopimwa kwanza kwa watu wa Ulaya na Marekani. Daktari asiye na kipimo cha jeni anaweza angalau kuanza na kidogo, na familia ikamweleza kwa usahihi siku mtetemeko ulipoanza.

Kisha kuna klozapini. Karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu hasaidiki vya kutosha na dawa za kawaida, na kwa hao hakuna inayoishinda. Utafiti wa John Kane wa 1988 uliwachukua walioshindikana: asilimia 30 walipata nafuu kwa klozapini, asilimia 4 kwa klopromazini. Ila dawa hii, kwa watu wachache, huangamiza seli nyeupe za damu ziitwazo neutrofili. Wagonjwa kadhaa walikufa Finland 1975, na tangu hapo anayeitumia hupimwa damu kila wiki kwa miezi ya mwanzo. Kiwango cha kuanzia kiliwekwa kwa damu ya Wazungu: asiyefikisha neutrofili 1,500 kwa kila mikrolita haanzishiwi.

Waafrika wengi hawafikishi, nao ni wazima kabisa. Mababu wetu walirithishana badiliko la jeni liitwalo Duffy, linalozinyima chembe nyekundu mlango ambao malaria ya vivax hutumia kuingilia. Mwaka 2009 ilithibitishwa kwamba badiliko hilo hilo hushusha hesabu ya neutrofili zinazozunguka katika damu, bila kumwongezea mtu maambukizi. Kwa hiyo mtu aliyekingwa na malaria hiyo ndiye huyo huyo anayeambiwa damu yake haitoshi kwa dawa inayomfaa. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani ilibadilisha kanuni: kwa wenye hali hiyo ya kuzaliwa, kuanzia ni 1,000. Mgonjwa mwenye 1,200 angekataliwa kwa kanuni ya kwanza, na kwa ya pili anaanza matibabu wiki hii. Kinachohitajika kumweka upande wa kanuni ya pili ni kuonyesha kwamba hesabu yake ilikuwa chini hata kabla hajameza kidonge chochote. Wakati mwingine ushahidi huo upo tayari nyumbani, katika karatasi kuukuu za maabara za siku alizopimwa malaria au homa ya matumbo, zimekunjwa ndani ya bahasha moja na kadi yake ya chanjo.